Mzee, kamera ya babu ni ya shilingi ngapi?

Msomaji wa Langoni, Lamu, amenitumia picha chache na kuniandikia hivi: "Shikamoo Mzee. Babu yetu alifariki mwaka jana. Tulipokuwa tukisafisha chumba cha juu tumekuta sanduku lenye kamera ya mbao yenye mvukuto mwekundu, makasha matatu bapa ya mbao, stendi ya miguu mitatu, na vioo kumi na kimoja vilivyofungwa kwa gazeti. Kwenye shaba ya lenzi nimesoma DALLMEYER LONDON, mengine hayasomeki. Kuna bwana anayenunua vitu vya kale, amekuja akasema atatoa shilingi 15,000 kwa vyote, na kama hatutaki, atachukua ile shaba peke yake kwa 10,000. Kaka yangu ameona mtandaoni kamera kama hii dola 3,000. Bwana anarudi Ijumaa. Ni kamera gani, ina thamani gani, na je, tuisafishe kwanza?"

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu babu yenu. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu halingoji Ijumaa: msiisafishe. Asiiguse mtu kwa Brasso, ndimu, jivu wala mafuta ya nazi. Najua kwetu pwani shaba iliyofubaa ni aibu ya nyumba, na masinia husuguliwa kabla ya Idi mpaka mtu ajione uso. Lakini shaba ya lenzi si ya sinia. Kiwandani ilipakwa vanishi nyembamba ya rangi ya asali, na maandishi yakachongwa kisha yakajazwa rangi nyeusi. Ukisugua, vanishi hutoka kwanza, weusi wa herufi hufuata, na mwisho herufi zenyewe hulika. Nilipokuwa kijana nikijifunza kazi hapa Malindi, niliisugua lenzi ya mteja kutwa nzima nikidhani namfanyia hisani. Iling'aa kama pete. Jina likabaki kama kovu, namba ikafutika kabisa, na mnunuzi aliyekuwa ameahidi kuichukua akaishika mara moja tu, akairudisha mezani. Mwenye lenzi alipoteza pesa alizokwisha kuzihesabu, na kosa lilikuwa langu.

Hayo maandishi yasiyosomeka utayasoma bila kuyasugua. Subiri usiku, zima taa, ilaze tochi ya simu ubavuni mwa shaba ili mwanga upite juu yake kama jua la magharibi linavyopita juu ya mchanga. Kila mchongo utaweka kivuli. Ukiona bado, ipulizie pumzi ya kinywa. Kwa sekunde mbili tatu ukungu ule huonyesha herufi, kisha hukauka. Piga picha hapo hapo.

Sasa tuje kwa huyo bwana. Amewaambia jambo kubwa bila kukusudia. Kamera nzima 15,000, shaba peke yake 10,000: maana yake mbao, mvukuto (ile ngozi ya kukunjamana kati ya mbele na nyuma ya kamera), makasha matatu na stendi, vyote pamoja, kwake ni 5,000 tu. Anajua thamani imekaa wapi. Na hapo ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu jicho huvutwa na mbao na mvukuto mwekundu, nayo lenzi huonekana kama kifuniko tu cha mbele.

Hiyo ni kamera ya sahani. Kabla ya filamu za kuviringisha kuenea, picha ilipigwa kwenye kipande cha kioo kilichopakwa dawa, kimoja kwa kila picha, na ukubwa wa picha ulikuwa ndio ukubwa wa kioo. Ndiyo sababu kamera ni kubwa. Pima kile kioo cha ukungu cha nyuma. Kikiwa karibu sentimita 12 kwa 16.5, hiyo ni nusu sahani, kipimo cha Waingereza kilichoenea sana. Kikiwa 16.5 kwa 21.6 ni sahani nzima. Kikiwa 13 kwa 18 kamili, basi ni kipimo cha Bara la Ulaya, na tutafute jina la Kijerumani au la Kifaransa. Kwa picha ulizonitumia nadhani ni nusu sahani, lakini futi ya fundi cherehani itasema kweli kuliko jicho langu.

Nani aliitengeneza? Tazama kibati kidogo cha shaba au cha mfupa mweupe, ama mbele chini ya lenzi, ama kwenye kitako. Thornton-Pickard wa Altrincham, Lancaster wa Birmingham, Sanderson, Gandolfi wa London: hao waliandika majina yao, na kamera zao zimejaa duniani. Yako sioni kibati wala matundu ya misumari ya kibati kilichong'oka. Naona jambo jingine. Rangi ya mbao yako si ule wekundu wa mahogani. Ni kahawia ya dhahabu yenye mishipa meusi. Iweke karibu na mlango wa mbele wa nyumba yenu, kama ni mlango wa kale wa msaji, ulinganishe mishipa kwa mishipa. Ikiwa ni msaji, kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kwamba viwanda vya Uingereza na Ujerumani vilitengeneza kamera maalumu kwa nchi za joto, za msaji, pembe zake zikafungwa vibati vya shaba ili mbao isipinde na gundi isiachie. Hizo wakusanyaji huzipenda na hulipa bei ya juu kuliko ndugu zake za kawaida. Katika hizo, shaba imezamishwa ndani ya mbao mpaka ukipitisha ukucha haukwami. Ya pili ni kwamba mafundi wa India walinakili umbo la Kiingereza kwa mbao za kwao na kuwauzia wapiga picha wa studio kwa miaka mingi. Vageeswari ya Alappuzha, Kerala, ndiyo iliyopata jina, lakini zisizo na jina ni nyingi zaidi. Bahari yetu hii ilileta milango, vitambaa na mafundi kutoka upande ule; kamera haikuwa na sababu ya kubaki nyuma. Katika picha yako ya bawaba, shaba imekaa juu ya mbao, na vichwa vya skrubu vinatazama kila upande. Mimi naegemea India. Kwa mpiga picha ni kamera nzuri ya kufanyia kazi. Kwa mkusanyaji haina bei kubwa. Ningekadiria kiwiliwili, makasha na stendi, vyote vikiwa vizima, kati ya shilingi 15,000 na 25,000, na hapo mvukuto usiwe na matobo. Hilo utalijua kwa kuingiza tochi ndani gizani na kutazama kwenye mikunjo. Kila tobo litang'aa kama nyota. Lakini kama mvukuto ni mkavu na unalia ukiufungua, uache. Ngozi ya miaka hiyo hupasuka kwenye mkunjo na haina marudio.

Sasa lenzi. Dallmeyer si jina la lenzi moja wala la bei moja. John Henry Dallmeyer alianza kampuni yake London mwaka 1860, akiwa mkwe wa Andrew Ross, mtengenezaji lenzi mwingine mkubwa. Mwaka 1866 alitoa lenzi mbili ambazo mpaka leo tunazikuta masandukuni, na zimetofautiana bei kama mtumbwi na jahazi. Moja ni Rapid Rectilinear, lenzi ya majengo na mandhari, iliyonyoosha mistari vizuri; ilinakiliwa na kila kiwanda na ziko tele. Ya pili ni Patent Portrait, lenzi ya sura za watu, inayopitisha mwanga mwingi sana. Tofauti yake kuu ndiyo inayomleta mnunuzi mlangoni kwako. Siku hizi kuna wapiga picha Ulaya na Marekani waliorudia kupiga picha kwa dawa ya kolodiani, mtindo wa Frederick Scott Archer wa mwaka 1851, dawa inayopakwa kwenye kioo na kutumiwa ikiwa bado mbichi. Dawa hiyo ni nzito kupokea mwanga. Ukitumia lenzi nyembamba, mtu atakaa bila kupepesa jicho muda mrefu. Ukitumia lenzi pana, muda unapungua mara kadhaa. Kwa hiyo lenzi pana za zamani, ambazo miaka ya nyuma zilitupwa, zimepanda bei.

Utajuaje ni ipi? Pima, usiulize mtu. Mbele ya kamera lenzi imefungwa kwenye ubao mdogo unaotoka kwa kusukuma kikomeo. Utoe ubao pamoja na lenzi, bila kugusa mvukuto. Panda dari ya juu alasiri, kaa ndani ya mlango penye kivuli, elekeza lenzi upande wa Manda, na nyuma yake shika karatasi nyeupe. Isogeze karatasi mbele na nyuma polepole. Mahali fulani mikoko ya Manda itatokea kwenye karatasi, midogo, imepinduka kichwa chini, na majani yake utayaona. Mwambie kaka yako apime hapo hapo kutoka katikati ya bomba la shaba mpaka kwenye karatasi. Kisha pima upana wa kioo cha mbele. Gawanya urefu kwa upana.

Tuseme urefu ni sentimita 28. Upana ukiwa sentimita 3.5, jibu ni 8, na lenzi yako kwa uwezekano mkubwa ni Rapid Rectilinear. Upana ukiwa 9, jibu linakuja karibu na 3, na mikono yako inapaswa kutulia kabla hujaiweka chini, maana hiyo ni Patent Portrait ya aina aliyoiita B. Aina ya A hutoa 4, na aina ya D hutoa 6. Utatafuta basi herufi hiyo kwenye shaba, pengine ikiwa na namba ya ukubwa mbele yake, kama 3B, karibu na neno PATENT, kwa ile tochi ya ubavu.

Kuna ushahidi wa pili, na huu naupenda kuliko vyote kwa sababu haudanganyi hata maandishi yakifutika. Kipande cha nyuma cha lenzi hufunguka kwa kuzungusha kwa mkono. Kikikataa, kiache, usilete koleo. Kikifunguka, kishike chini ya balbu moja na utazame taswira za balbu ndani ya vioo ukikiinamisha kidogo kidogo. Katika Rapid Rectilinear utaona taswira mbili kali na moja hafifu mno katikati, kama kivuli cha taa, kwa sababu vioo viwili vimegandishwa kimoja kwa utomvu. Katika Patent Portrait utaona nne, zote kali, kwa sababu vioo viwili vya nyuma vimeachana na kuna hewa kati yao. Hesabu mara mbili. Ukirudisha, rudisha kwa upole mpaka kikae chenyewe.

Tazama pia juu ya bomba kama kuna mpasuo mwembamba. Huo ulikuwa wa kuingizia vibati vyenye matundu ya ukubwa mbalimbali, kabla tundu la kupanuliwa na kufinywa kwa kuzungusha pete halijazoeleka. Vibati hivyo hukaa ndani ya kipochi cha ngozi na mara nyingi watu huvitupa wakidhani ni takataka. Rudini kwenye sanduku, kwenye droo za babu, kwenye zidaka. Seti kamili huongeza bei kwa haki.

Hali ya vioo nayo ina neno. Washa tochi nyuma ya lenzi, tazama kutoka mbele. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa wa hewa yetu ya chumvi na masika. Ikiwa bado changa husafishika kwa fundi, ikikaa sana hula kioo. Upinde wa mvua ukingoni maana yake ule utomvu umeanza kuachia; bei hupungua, lakini lenzi haijafa. Vipovu vidogo viwili vitatu ndani ya kioo si kosa, vioo vya zamani vilizaliwa navyo. Kwa sasa iwekeni lenzi ndani ya mkebe unaofunga sawasawa pamoja na pakiti za silika zinazokuja ndani ya masanduku ya viatu. Msiiweke kwenye kidaka cha ukuta wa nje, maana jiwe la matumbawe hunyonya unyevu na kuurudisha usiku. Wala kwenye mchele, kwa vumbi lake.

Bei. Rapid Rectilinear ya Dallmeyer ya ukubwa wa nusu sahani huuzwa Uingereza kwa makumi ya pauni, ikiwa safi huweza kugusa mia na kidogo. Kwa hiyo 10,000 ya bwana yule ingekuwa bei ya mchuuzi anayetaka faida yake, si wizi. Patent Portrait ni habari nyingine: ndogo huanzia pauni mia kadhaa, na kubwa kama 3B hupita pauni 1,000, yaani zaidi ya laki na nusu za kwetu. Kati ya majibu hayo mawili kuna nyumba ya kuezeka, na kinachoyatenganisha ni futi na karatasi nyeupe.

Zile dola 3,000 za kaka yako, mwambie kwa upendo kwamba ni bei inayoombwa, na kuomba ni kwa kila mtu. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuchagua vitu vilivyokwisha kuuzwa. Hapo ndipo atazame. Nyumba za mnada za kamera, kama Flints ya Uingereza na Leitz Photographica ya Vienna, hutangaza matokeo yao, na ni shule nzuri ya bure. Alinganishe lenzi na lenzi ya namba ile ile na hali ile ile. Kisha atoe nauli, bima na ushuru.

Namba iliyochongwa kwenye lenzi msiidharau. Daftari za kampuni ya Dallmeyer ziko katika hifadhi ya nyaraka ya Brent, London, na kwa namba hiyo huweza kupatikana mwaka wa lenzi, pengine hata aliyeinunua kwanza. Na namba hiyo inatupeleka kwenye sheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kitu kama hicho hakitoki nchini bila kibali. Lenzi kutengenezwa London mwaka 1880 hakuthibitishi kwamba ilifika Lamu mwaka huo. Inaweza kuja mikononi mwa babu yako miaka mingi baadaye. Lakini kabla ya kusafirisha chochote nje, piteni Makumbusho ya Lamu pale ufukoni muwaonyeshe. Ni hatua chache kutoka kwenu.

Nimeacha vioo mwisho, na ndivyo vilivyoniamsha usiku baada ya kusoma barua yako. Vioo kumi na kimoja vilivyofungwa kwa gazeti si vipuri. Hizo ni picha. Bwana yule hakuvitaja, na sijui kama aliviona. Kamera ya India nyingine ipo, lenzi ya Dallmeyer nyingine ipo, lakini kile ambacho babu yako alisimama mbele yake siku ile, kikaingia kwenye kile kioo, kipo hapo tu. Huenda ni Ngome, huenda ni majahazi, huenda ni zafa ya Maulidi, huenda ni bibi yako akiwa msichana.

Vishikeni kwa kingo, mikono mikavu. Upande mmoja unang'aa na upande mmoja umefifia. Uliofifia ndio wenye picha, usiguswe. Visioshwe wala visipanguswe, kwa sababu picha imekaa ndani ya jelatini na jelatini ikipata maji huvimba na kutoka. Kila kimoja kifungwe karatasi nyeupe safi, visimamishwe wima kama vitabu, visilazwe kimoja juu ya kingine. Lile gazeti lihifadhini, tarehe yake ni ushahidi. Kisha fungueni simu moja au tableti iwe na skrini nyeupe tupu, mshikilie kioo juu yake pasipo kugusana, mpige picha kwa simu ya pili na kuigeuza rangi. Nyeusi itakuwa nyeupe, na watu watatokea.

Makasha matatu msiyafungue. Kila kasha hufunguka kama kitabu na kubeba sahani mbili, na huenda ndani kuna sahani iliyopigwa picha lakini haijasafishwa kwa dawa. Mwanga ukiingia sekunde moja, imekwisha. Tazameni namba za nje tu. Zikiwa 1 mpaka 6 na zinafuatana, makasha ni ya kamera hiyo hiyo, na msimruhusu mtu ayatenganishe, kwa kuwa yalirandwa kuingia hapo tu.

Mkishaziona picha, msikimbilie kuzirusha kwenye makundi. Mama zetu waliopigwa picha ndani ya nyumba zao hawakupigwa ili watazamwe na kila mtu. Waitwe wazee wa ukoo wazione kwanza, wawataje majina, na waseme ipi itoke na ipi ibaki ndani. Andikeni majina hayo siku hiyo hiyo kwa penseli kwenye karatasi za kufungia.

Basi Ijumaa akija, mkaribisheni kahawa. Msitaje bei na msimwonyeshe vioo. Mwambieni ukweli: hii ni mali ya mirathi, warithi hawajakaa, na haiwezi kuuzwa na mmoja wao. Akisema ataongeza bei akipewa lenzi leo leo, msikilizeni tu anaongeza mpaka wapi, muiandike. Wewe nitumie namba tatu: urefu uliopima kwa karatasi, upana wa kioo cha mbele, na hesabu ya taswira za balbu. Na ile picha ya maandishi kwa tochi ya ubavu. Zikinifikia Jumatano, Alhamisi jioni utakuwa na jibu langu kabla hajavuka kizingiti.